Mgonjwa wa Kisesa

Nilimpenda Mwinjilisti kuliko nilivyompenda baba yangu mzazi. Jambo hili nimelikana mbele ya mama yangu, mbele ya kaka yangu, mbele ya mwanamume aliyewahi kuwa mume wangu, na mbele ya wanafunzi wangu, ambao kila mwaka lazima mmoja wao aniulize ni nani aliyenifundisha kuichukia fimbo. Wanafunzi nilikuwa nikiwatajia wanafalsafa wa Ulaya, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Kwa kaka yangu sikumtaja mtu. Pale hatari ilikuwa kubwa zaidi.

Ukweli ni kwamba nilifundishwa na mzee mmoja wa Mirongo, Mwanza, seremala siku za kazi na mhubiri siku ya Jumapili, ambaye ulimi wake wa Kisukuma haukuiweza herufi ya r. Alihubiri lehema maisha yake yote. Hadi leo nikiliona neno rehema limeandikwa kitabuni, naona kama wachapaji wamelikosea.

Alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni, na vumbi la mbao halikumtoka kwenye nyusi hata siku ya Pasaka. Kiwanda chake kilikuwa uani, upande ule ambao mvua kubwa ikinyesha mto unapanda kuja kuulizia hali. Alichonga majeneza, madawati, na mabenchi yote ya kanisa letu. Baba yangu alikuwa hai, lakini alikuwa Musoma na mke mwingine, na alitutembelea kama mgeni wa serikali anavyotembelea wananchi: kwa taarifa, kwa haraka, na kwa hotuba. Kwa hiyo nikitoka shule nilipitia uani kwa Mwinjilisti kwa kisingizio cha kucheza na Tabitha, binti yake wa mwisho, nikakaa juu ya mbao za mninga na kujifanya niko nyumbani. Yeye hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Nikimwambia shikamoo aliitikia "malahaba, binti" huku misumari ikiwa mdomoni, na baada ya muda alinipa msasa, niwe na kazi.

Nyumbani kwake hakukuwa na fimbo. Kwa mtaa wetu hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa. Kila nyumba ilikuwa na fimbo yake imechomekwa darini, na sisi watoto tulizijua fimbo za jirani kama tulivyowajua mbwa wao. Siku moja mimi na Tabitha tulichelewa shule kwa sababu iliyohusu mapera ya watu. Mwalimu mkuu akawaita wazazi, na kwa kuwa baba yangu alikuwa Musoma, Mwinjilisti akaja kwa ajili yetu wote wawili. Mwalimu mkuu akamkabidhi fimbo nene ya mpera amchape binti yake mbele ya shule nzima, iwe fundisho. Mwinjilisti akaipokea kwa mikono miwili. Akafumba jicho moja kuangalia kama imenyooka. Akaigonga kwa ukucha.

"Mti mzuli huu, Mwalimu," akasema. "Unafaa mpini."

Akaondoka nayo. Wiki iliyofuata aliileta shuleni nyundo mpya yenye mpini wa mpera, zawadi kwa shule, na mwalimu mkuu hakuwa na la kufanya ila kushukuru mbele ya mstari.

Hakuweza kuchinja kuku. Kula alikula, tena paja, tena la pili kama lipo. Kuchinja ndiko kulikomshinda. Ikifika siku ya kuku, Mwinjilisti alikumbuka mgonjwa. Hakusema anaogopa damu. Aliweka randa chini, akajipangusa vumbi, akavaa koti lake la kijivu, akachukua Biblia yake na kusema, "Ngoja nikamwone mgonjwa." Mke wake alijua. Sisi watoto tulijua. Nadhani hata kuku walijua, kwa sababu lile koti likitoka ndani walianza kukimbia.

Kazi ya kisu waliifanya wanawe wawili wa kwanza tangu wakiwa wadogo. Hakuna aliyewaagiza. Baba yao akivaa koti, wao walichukua kisu na kwenda kukinoa kwenye jiwe la nyuma ya jiko. Mwinjilisti alikwenda kweli, aliomba kweli, na wagonjwa walikuwa wa kweli, maana mtaa kama wetu haukosi mtu kitandani. Halafu alirudi kwa wakati wake: manyoya yameshafukiwa, damu imeshamwagiwa majivu, sufuria imeshashushwa. Alinawa, akatoa sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa kiumbe kile, akala.

Nimekisimulia kisa hiki kwenye meza nyingi, Dar es Salaam na nje ya nchi, kwa watu wenye glasi mkononi. Kila mara watu walicheka mahali nilipotaka wacheke, kwa kuku wanaokimbia koti. Nilikuwa nakisimulia ili waone jinsi mzee yule alivyokuwa mpole.

Alipenda ndondi. Lazima niliseme, maana picha ya mtu bila kasoro huwa ni picha ya kampeni. Likitangazwa pambano redioni, randa ilinyamaza, na Mwinjilisti alikaa ameisogelea spika huku mguu ukimtikisika. Mkewe alimuuliza mbele yetu mtu wa Mungu anasikiliza nini pale. Akajibu kwamba anamsikiliza atakayeanguka, apate kumwombea. Mama yule akasema basi na amwombee kimya kimya, si kwa kusema "mpe, mpe."

Na alikuwa na neno lake moja. Mtu akija uani na habari za fulani kuonekana na mke wa fulani, au wazee wa kanisa wakigombana juu ya nani ashike ufunguo, Mwinjilisti alisema, "Simo." Hakuongeza kitu. Simo, na randa ikaendelea. Nililiona neno zuri sana. Nilipofika chuo kikuu nililivaa kama wenzangu walivyovaa kofia za mapinduzi. Watu wakigombana bwenini nilisema simo. Ndoa yangu ilipoanza kuharibika nilisema simo, jambo ambalo mume wangu alisema ndilo lililoiharibu.

Wanawe wawili walikuwa watu wa aina nyingine. Vilipokuja viwanda vya minofu na sangara akageuka kuwa dhahabu yenye magamba, wale waliokuwa wananoa kisu nyuma ya jiko wakawa mawakala wa samaki. Walikuwa na mitumbwi yao, halafu wakawa na injini, halafu wakawa na pikapu iliyonuka hadi mtaa wa tatu. Ilikuwa miaka ya ruksa; kila mtu alikuwa anauza kitu, na wale ambao hawakuwa na kitu walinunua mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kwenda Ulaya. Vijana wale walimwezekea baba yao bati jipya. Mwinjilisti alihubiri juu ya ngamia na tundu la sindano, kisha akapanda pikapu kurudi nyumbani, akikaa mbele, Biblia mapajani. Nilipomtania alisema bati halina dhambi, binti, bati ni bati.

Kaka yangu Magesa alikuwa mkata minofu kwenye kimojawapo cha viwanda hivyo. Waliofanya kazi naye walisema alikuwa anamvua sangara nyama kama mtu anavyomvua mtoto shati. Alipendana na Tabitha. Mimi nilijua kabla ya wote, na nilifurahi kwa sababu ya kibinafsi kabisa: wakioana, Mwinjilisti angekuwa baba wa nyumba yetu kwa haki, si kwa kisingizio cha msasa.

Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba Magesa alimpeleka Tabitha Majita kumsalimu bibi yetu kabla hajatuma mshenga. Walikwenda na meli, wakalala kule, wakarudi na mihogo. Mtaa ukachukua habari ile na kuipika kwa nazi. Wale kaka wawili, ambao sasa walikuwa watu wakubwa pale mwaloni samaki wanaposhushwa, wakaambiwa kwamba dada yao anachezewa na Mjita anayenuka kiwanda. Waliowaambia hivyo walikuwa wananuka vilevile, lakini hiyo si hoja ya kumpa mtu mwenye pikapu.

Mwinjilisti alizisikia habari hizo kama kila mtu. Hakusema kitu. Nilikuwa nyumbani wakati huo, chuo kimefungwa kwa mgomo, na nilimwona siku mbili tatu akipiga randa ubao uliokwisha nyooka. Nilidhani anaomba.

Wale kaka wakamtumia Magesa ujumbe kwamba hakuna haja ya mshenga. Yaliyopita yamepita, aje Jumamosi mchana, peke yake, wazungumze mahari kama ndugu. Magesa akaazima koti kwa jirani. Mama akamfungia kanga mbili za kumpelekea mama mkwe. Ninakumbuka alivyotoka mlangoni akijinusa mikono, akaniuliza, "Msomi, bado nanuka sangara?" Nikamwambia kidogo. Akarudi kunawa tena.

Alipofika, kaka mkubwa alimpokea getini na kumwambia karibu, mzee yumo ndani anakusubiri. Mzee hakuwemo. Mke wa Mwinjilisti alikuwa kanisani kwenye kikao cha fungu la wanawake, Tabitha alikuwa amefungiwa chumbani, na Mwinjilisti alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Kisesa, nje ya mji, kumwona mgonjwa. Walimpiga uani, kwa ubao wa mninga uliokuwa unasubiri kuwa benchi. Hawakuwa na haraka. Mkono wa kulia waliuwekea muda wake peke yake, kwa sababu ndio uliokuwa unashika kisu cha kiwandani na ndio, kama walivyomwambia, uliomshika dada yao.

Alipona kila kitu isipokuwa mkono huo. Vidole vilibaki vimejikunja, na kiwanda hakina kazi ya mtu wa vidole vilivyojikunja.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomfanya Mwinjilisti awe mtu mkubwa mjini, na ndiyo niliyoyaandika gazetini miaka kadhaa baadaye kwa maneno makubwa ambayo sasa siwezi kuyasoma bila kuona haya. Jumapili iliyofuata alisimama madhabahuni akiwa na lile koti la kijivu. Alitusimulia habari za Yakobo, baba wa wana kumi na wawili, na binti yake mmoja, na wanawe Simeoni na Lawi waliouangamiza mji wa watu kwa hila ya posa. Akatuambia jinsi mzee yule, akiwa karibu kufa, alivyokataa katakata kuhesabiwa pamoja nao. Alisema nafsi yake isiingie katika shauri lao na akailaani hasira yao. Kisha Mwinjilisti akawaita wanawe kwa majina. Akawaomba wazee wa kanisa wawatenge.

Kwa asiyejua, kutengwa kwetu ni hivi: hushiriki Meza ya Bwana, huimbi kwaya, na unakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, lile lisilo na egemeo, hadi siku utakayotubu mbele ya watu wote. Kwa kawaida walitengwa wasichana waliopata mimba na wanaume waliooa mke wa pili. Baba kumtenga mwanawe kwa sababu ya kupiga mtu lilikuwa jambo jipya. Watu walilia. Mimi nililia. Wale vijana wakahamia benchi la nyuma wakiwa na suti zao, na tangu siku hiyo mtaa uliwaita Simeoni na Lawi hadi majina yao ya ubatizo yakapotea.

Siku ileile, kwa pumzi ileile, Tabitha naye alitengwa, kwa kwenda Majita. Hilo sikuliandika gazetini. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, ninasoma kozi mbili juu ya haki, na sikuliona.

Jioni Mwinjilisti alikuja kwetu kwa miguu. Tangu siku hiyo hakupanda tena ile pikapu. Mama alikuwa anachambua dagaa uani. Yule mzee mrefu, Msukuma, mtu mzima mwenye wajukuu, akapiga magoti mbele ya mwanamke kwenye magamba ya dagaa. Mama akashtuka, akajaribu kumwinua, akashindwa.

"Mama Magesa," akasema, "waliofanya hili ni wanangu. Wametoka kwangu. Lakini mimi simo."

Mama yangu alikuwa ameshafungua kesi polisi. Alimtazama mtu yule magotini kwa muda, halafu akamwambia inuka, Mwinjilisti, nimesamehe. Kesho yake akaenda kuiondoa kesi. Nilimsindikiza, nikiwa nimevimba kifua kama mtu aliyeshuhudia historia. Magesa alikuwa bado hospitali. Tulipomwambia, alimuuliza mama swali moja tu: amesamehe kwa mkono wa nani?

Ndivyo kaka yangu alivyohamia Kahama, akajifunza kutengeneza redio kwa mkono wa kushoto. Alirudi Mwanza mara chache. Kila aliporudi tuligombana juu ya jambo moja, na mwanzoni tuligombana kwa utani. Aliniuliza Mwinjilisti wangu hajambo. Nilimwambia hajambo. Aliniuliza yule mgonjwa wa Kisesa alipona?

"Kaka, mzee hakujua."

"Tangu lini posa ikazungumzwa baba hayupo? Mimi mjinga wa kiwandani nilikwenda kwa sababu niliambiwa mzee yumo. Wangeniitaje siku ambayo hawana uhakika kama yupo au hayupo?"

Nilimwambia walitumia nafasi. Walijua baba yao atakwenda Kisesa, wakaipanga siku hiyo. Akasema vizuri, basi mgonjwa huyo alikuwa nani? Mtaje jina. Kisesa si Marekani, watu wa kanisa wanajuana. Nikasema sikuuliza, ningemuulizaje mtu aliyepiga magoti. Akacheka.

Mara nyingine alinikuta ninaisoma makala yangu iliyokuwa imetoka siku ileile. Magesa hakuwa mtu wa kanisa tena, lakini Kahama jioni ni ndefu na Maandiko alikuwa nayo. "Umesoma mwisho wa habari tu, msomi," akaniambia. "Panda juu kidogo. Yakobo alisikia habari za binti yake kabla ya wote. Wanawe walikuwa bado machungani. Alifanya nini? Alinyamaza mpaka warudi."

Nikamwambia hiyo ni tafsiri yake. Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia kwa wanafunzi waliochelewesha kazi. Tangu siku hiyo utani uliisha.

Mama alipofariki, Mwinjilisti, ambaye sasa alikuwa mzee wa fimbo ya kutembelea, ndiye aliyeombwa kuongoza ibada, kwa sababu mama mwenyewe aliagiza hivyo. Magesa alikuja. Alisimama barabarani, ng'ambo ya mtaro, na hakuingia uani kwa mama yake mpaka Mwinjilisti alipomaliza na kuondoka. Nilitoka kumfuata. Nilimwambia anatuaibisha mbele za watu. Akasema mama amekufa akiwa amesamehe watu wawili, wakati wa kusamehewa ni watatu. Na kwamba mimi ndiye niliyemshikia mkoba alipokwenda kuiondoa kesi. Hakupandisha sauti. Kisha hakuzungumza na mimi tena. Arusi ya binti yake nilipata habari zake kwa watu, nikaona picha kwenye simu ya binamu.

Basi mwaka juzi nikaamua kwenda kuuliza. Nitasema wazi nilichokuwa nakitafuta: sikwenda kutafuta ukweli, nilikwenda kutafuta jina. Nilitaka jina la mgonjwa mmoja wa Kisesa, hai au marehemu, nilipeleke Kahama, niliweke mezani kwa kaka yangu, nimwambie haya. Nilikuwa na uhakika kwamba jina lipo.

Mwinjilisti alikuwa Kiseke, upande mwingine wa Mwanza, kwenye nyumba aliyoijenga Tabitha kwa kushona nguo za shule. Mkewe alikuwa ameshafariki. Lawi alikuwa amefariki ziwani. Simeoni alikuwa Dar, biashara zimemfia, na hakuja. Tabitha hakuolewa na hakurudi kundini. Wazee wa kanisa walimwambia mara nyingi kwamba ni suala la kusimama tu na kusema neno moja la toba, akawauliza atubu nini, kwenda kumsalimu bibi?

Nilifika Jumapili, wakati ibada inaendelea kwenye kanisa dogo lililo nyuma ya nyumba yao. Nilimtafuta Mwinjilisti mbele, kwenye viti vya wazee. Hakuwepo. Alikuwa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, lisilo na egemeo, mgongo umepinda, koti la kijivu limemzidi mwili. Wakati wa Meza ya Bwana hakuinuka. Mzee wa kanisa aliyenisindikiza nje aliniambia kwamba Mwinjilisti anapenda kukaa pale kwa sababu ya choo, mambo ya umri. Nikakubali. Ilionekana sababu nzuri.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Malahaba, binti. Umezeeka."

"Wewe je?"

"Mimi nilishamaliza kuzeeka. Nasubili gali."

Tukacheka. Tulikaa barazani, akaniuliza habari za chuo, akaniuliza kama bado nawafundisha watoto wa watu kutoamini kitu. Tabitha akasema mgeni hawezi kuondoka hivihivi, akaenda kumkamata kuku. Yule kuku alipolia, Mwinjilisti akashika fimbo yake, akainuka taratibu, akavifunga vifungo vya koti.

"Ngoja nikamwone mgonjwa," akasema. "Kuna mama hapo jilani, miguu."

Nilikuwa tayari nimeanza kucheka. Nilimgeukia Tabitha ili tucheke pamoja, kama tulivyokuwa tukicheka tukiwa watoto. Tabitha alikuwa amemkanyaga kuku mabawa na kisu kiko mkononi. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama baba yake akitoka getini.

"Kaka zangu walikuwa hawahitaji kuambiwa," akasema. "Si unakumbuka? Akivaa koti, wao wananoa."

Kicheko kilinibaki mdomoni kama punje ya mchanga kwenye ugali. Tabitha akamwinamia kuku. Alichinja.

Mwinjilisti alirudi kwa wakati wake. Akanawa, akaomba sala ndefu, akala paja. Nilisubiri amalize, kwa sababu hata mtu aliyevunjwa moyo ana adabu za mezani. Kisha nikamuuliza. Mzee, ile Jumamosi, mgonjwa wa Kisesa alikuwa nani? Naomba jina lake tu.

Alifuta vidole kimoja kimoja. Akasema barabara ya Kisesa siku hizo ilikuwa ya vumbi sana. Akasema siku hizi kuna lami, mtu anafika upesi. Akasema anasikia usingizi. Tabitha akamshika mkono kumwingiza ndani, na mlangoni, ingawa alikuwa amefupika kiasi kwamba hakukuwa na haja tena, aliinama.

Nilirudi kazini. Nilijiambia maneno ambayo wasomi hujiambia: kwamba koti si ushahidi, kwamba kunyamaza kunaweza kuelezwa kwa njia nyingi, kwamba mzee anasahau. Nilianza hata kuandika makala ya pili yenye neno "utata" kila aya.

Simu ya Tabitha ilinikuta ofisini, ninasahihisha mitihani. Alisema baba hajala tangu asubuhi, anataka kuzungumza na mimi, na amekataa kusema ni nini. Nikasikia simu inapokezanwa, na pumzi ya mtu ambaye hajazoea simu, karibu mno na mdomo.

"Binti."

"Shikamoo, Mwinjilisti."

Hakuitikia. "Uliniuliza jina," akasema. "Hakuna jina. Kisesa hakukuwa na mgonjwa."

Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi.

"Vijana waliniambia Ijumaa. Sikuwaambia ndiyo. Sikuwaambia hapana. Walikuwa wananitazama, nikaenda ndani nikavaa koti. Kisesa nilikaa stendi. Nilikaa mpaka nikaona sasa watakuwa wamemaliza, ndipo nikapanda gali."

"Mama alikuondolea kesi," nikasema. Ndilo neno lililonijia.

"Mama yako nilimpigia magoti, nikamwambia simo." Pumzi ilimkatika, akaipata tena. "Yule kijana yuko Kahama bado?"

"Yuko."

"Mpigie. Usiandike gazetini kwanza, mpigie. Mwambie mzee amesema alikuwemo."